Bwawa la Ukurasa wa Kumi na Tisa

Kwaru, kwaru, kwaru: wembe ukichonga penseli kizingitini. Hiyo ndiyo sauti ninayomkumbukia shangazi. Kichongeo hakukitaka. Alisema kinazipa penseli zote ncha moja, na yeye kila jengo alilitafutia ncha yake.

Kazi yake ya kila siku ilikuwa kuandika vibao: vya saluni, vya duka la dawa, vya "Mbwa Mkali" kwa watu wasiofuga hata kuku. Lakini fahari yake ilikuwa kitabu chembamba cha kuwaongoza wageni katika mji wetu wa pwani, kurasa thelathini na mbili, picha zote za mkono wake. Halmashauri ilimpa kazi hiyo angali msichana, wakati hoteli kubwa ikijaa mpaka wageni wanalala kwenye viti vya mapokezi.

Alikuwa na sharti moja: hachori kitu asichokikalia mbele. Alibeba kigoda, akakaa mpaka kivuli cha jengo kihamie upande wa pili, ndipo aguse karatasi. Na katika kila picha alitia mtu mmoja, ili mgeni ajue ukubwa wa mlango au urefu wa ngazi. Ukurasa wa kumi na tisa ulikuwa wa bwawa la kuogelea la hoteli. Mtu wake alikuwa kaka yake, yaani baba yangu, mlinzi wa bwawa, juu ya kiti chake kirefu, filimbi shingoni, kifua kimetuna.

Miaka ikaenda, wageni wakapungua kama nywele za baba. Mabenchi ya ufukweni yakala kutu, kibanda cha aiskrimu kikageuka stoo ya saruji, hoteli ikafungwa. Wenyewe walihama, wakamwachia baba funguo na ahadi ya kurudi. Kila asubuhi alivaa fulana yake nyekundu akaenda kufagia majani ndani ya bwawa kavu. Mama alimtania kwamba ndiye mwokoaji pekee duniani anayeokoa mijusi. Hakucheka.

Toleo la pili lilipotakiwa, baba alimwomba shangazi aliache bwawa na maji yake. Shangazi alivunja sharti kwa mara ya kwanza. Hakubeba kigoda, aliinakili picha ya zamani mezani kwake.

Likizo iliyofuata, mwanamke mmoja alikuja kutoka stendi na watoto watatu, kitabu mkononi. Watoto walishavaa nguo za kuogelea, na maboya yao walishayapuliza njiani. Walisimama ukingoni wakatazama chini. Baba alikuwa mle ndani na ufagio. Yule mwanamke hakugomba. Alifungua ukurasa wa kumi na tisa, akamwonyesha, akamuuliza kwa upole kama lipo bwawa jingine. Mtoto mdogo akaanza kutoa upepo kwenye boya lake.

Baba alimweleza mama, mama akamweleza shangazi, na shangazi hakuimaliza chai yake. Halmashauri ilipoagiza toleo la tatu, alisema safari hii anakwenda na kigoda. Baba akaacha kumsemesha. Akiwa na neno, alilipitisha kwa mama, mpaka mama akachoka kuwa posta.

"Wifi," mama alimwambia, "ukurasa ule ndio cheti cha yule mtu. Miaka thelathini ya kazi, na hana kingine cha kuonyesha."

"Najua, wifi. Cheti chenyewe nimekiandika mimi, na kina uongo."

Alikaa ukingoni siku mbili. Baba alifagia bila kumtupia jicho. Mchana wa siku ya pili, alipochoka miguu, alipanda kwenye kile kiti kirefu, kwa mazoea tu, akakaa. Hapo ndipo shangazi alipoanza kuchora.

Alipomaliza alimpa. Vigae vilivyobanduka vilikuwemo, ufa ulikuwemo, na rundo la majani kando. Juu ya kiti kirefu, mwanamume mwenye upara na fulana iliyopauka alilitazama lile shimo kwa makini, kama mtu anayehesabu vichwa vya watoto majini. Baba aliishika ile karatasi muda mrefu.

"Umenizeesha," alisema.

"Umezeeka."

"Sasa mgeni akiona hivi, atakuja kufanya nini?"

Shangazi aliketi kwenye kidato cha chini cha kile kiti. Alijibu polepole, kwa sauti ndogo hata ikabidi baba ainame kumsikia.

"Atakuja akuulize lilikuwaje. Hilo mimi siwezi kulichora, kaka."