Kuwasimamisha Koome na Mwenda Pamoja

"Sasa mwari, ukiwaunganisha kwa kompyuta, watakuwa wamesimama pamoja ama hawajasimama?"

Mama Koome aliniuliza hivyo siku alipokuja kuagiza picha katika studio yetu mjini Meru. Aliniita mwari, binti, kwa upole kabisa, na mimi mwenye digrii ya falsafa nikajifanya natafuta kitabu cha risiti.

Lakini nianze na siku ya kwanza, maana ninyi mnaounganisha picha kwa simu mnadhani kazi hii ilizaliwa kwenye simu. Nilianzia Embu, kwa mwenye studio aliyetaka tumwite Mkurugenzi ingawa pale wafanyakazi tulikuwa wawili. Alinipa picha ya bwana harusi na picha ya Mlima Kenya. "Mtoe hapa, umweke pale." Nikamkata kwa kipanya, nikamweka. Kila picha hukaa kwenye tabaka lake, kama karatasi za plastiki angavu zilizopangwa moja juu ya nyingine, kwa hivyo unaweza kumsogeza mtu bila kuugusa mlima. Nilijivuna sana. Mkurugenzi akacheka.

"Huyu bwana anaelea. Amekuwa malaika kabla ya kuoa? Kivuli chake kiko wapi?"

Nikajifunza kuchora vivuli, kulainisha kingo za nywele, kulinganisha rangi za ngozi, na kwanza kabisa kuuliza mwanga ulitoka wapi. Niliuliza na mengine. Kwa nini mtu alipie kuwekwa mahali ambapo hajawahi kufika? "Kendi, chuo kilikufundisha kuuliza," Mkurugenzi aliniambia, "kunyamaza je, hamkufika hapo?" Akanihamishia tawi la Meru, nadhani ili apumzike.

Msimamizi wa Meru tulimwita Madam. Hakupenda kumwona mteja akihangaika. Mama Koome alikuwa ametoka Kibirichia, na alikuwa karibu kwenda Nairobi kupasuliwa moyo. Alitaka kubeba picha yake akiwa na wanawe wawili, ambao walikuwa wamekosana tangu shamba la viazi lilipogawanywa.

"Nikifa huko, nife nimewaona pamoja," alisema.

"Mama, usijisumbue kuwapatanisha," Madam akamjibu. "Tutawapiga mmoja mmoja, Kendi atawaunganisha." Akawapigia simu mwenyewe: Mwenda aingie asubuhi, Koome alasiri.

Mama tulimpiga palepale, ameketi. Siku ya wanawe, Mwenda alisimama mbele ya kamera amekunja uso. "Niweke popote, lakini bega lake lisiniguse."

Alasiri akaja Koome. "Mimi ndiye kifungua mimba, nikae kulia kwa mama. Na usimfanye Mwenda mrefu kunishinda."

"Lakini ni mrefu kukushinda."

"Sasa hiyo kompyuta ni ya kazi gani?"

Mwanga ndio ulionitesa. Studio ilikuwa na madirisha mawili yanayotazamana. Asubuhi jua lilimpiga Mwenda upande mmoja wa uso, alasiri likampiga Koome upande wa pili. Nikamgeuza Mwenda, kama mtu anavyoonekana kwenye kioo, na mwanga ukakubaliana. Madam akasema kazi ni safi.

Mama Koome aliisogeza picha karibu na macho. "Huyu ni nani?"

"Si Mwenda, mama?"

"Mwenda wangu alichomwa na uji hapa." Akagusa shavu lake la kushoto. "Huyu ameungua shavu lile lingine. Mwari, mimi naenda kulazwa chini ya kisu, halafu unanipa mtoto wa nani?"

Nikamrudisha Mwenda alivyokuwa, nikamchorea vivuli upya kwa brashi nyembamba, tabaka juu ya tabaka, hadi macho yakaniwasha. Safari hii mama aliitazama, akaifunga ndani ya leso, akaondoka nayo. Alirudi kutoka Nairobi akiwa mzima, na picha ikatundikwa sebuleni.

Nilistaafu kazi hiyo kabla sijafika thelathini. Simu siku hizi humkata mtu kabla hujamaliza kupiga chafya. Niko ofisini sasa, na bado sijatulia. Nikiingia nyumba ya watu nazisogelea picha za ukutani kutafuta mwanga ulikotoka, na wenyeji hudhani nimezipenda.

Mwaka huu nilimkuta Koome sokoni Meru akiuza viazi. Nikamtania: siku hizi anaweza kusimama karibu na ndugu yake?

"Kwani ni lini sikuweza?" akaniuliza. "Siku ile ya picha tulishuka na pikapu moja, yeye ndiye dereva. Tuligombana njia nzima. Hata wakati unanipiga mimi, alikuwa pale nje ananingoja turudi."

"Sasa mbona hamkuingia pamoja?"

Koome akaendelea kupanga viazi vyake.

"Mlituita mmoja mmoja."