Nukta na Majibu ya Stoo

Mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada, kazini wanamwita Nukta, maana hawezi kuipita sentensi iliyokaa vibaya bila kuigusa. Anatengeneza programu ya stoo ya hospitali, ile isiyo na picha: skrini nyeusi, unaandika amri, inakujibu kwa maandishi.

Naijua sana. Miaka sita nilitunza mashuka kwa programu hiyo. Siku moja niliingiza mashuka mia mbili, ikanijibu "Sawa 0", nikaenda zangu. Wodi zikayachukua, kumbe kwenye orodha hayakuwahi kuingia. Msimamizi akaona risiti ya mzigo lakini mashuka hayamo kwenye orodha, akasema nimeyauza. Mtu aliyeishia darasa la saba atabishana na kompyuta? Nikatolewa getini na mwavuli wangu.

Mwaka huu Nukta akapewa kazi ya kuyafanya majibu ya makosa yafanane. Yaliandikwa na watu wengi, kila mmoja na mdomo wake: hili linasema "Imekataa", lile "Kosa 7", jingine "Soma kwanza". Yeye akataka yote yafuate mpangilio mmoja: nini kimeshindikana, kwa nini, ufanye nini. Kila Jumamosi alikuja kunisomea nikichambua mchele. Nikiuliza, "Sasa nifanyeje?" anafuta, anaanza upya. Tulicheka mpaka mchele ukabaki na mawe.

Alipofika kwenye "Sawa 0", mikono yangu ikasimama. Akaeleza kwamba amri ilisomeka, lakini hakikuingia kitu, maana kwa hesabu ya programu rafu ilikuwa imejaa.

"Yaani ilinipongeza kwa kushindwa?"

"Ndiyo, mama mdogo. Jumatatu twende wote kazini."

Jumatatu, kabla ya kubadilisha chochote, alimwomba msimamizi aingize mwenyewe mashuka mia mbili kwenye rafu ya nne, ambayo alijua imejaa. Bwana mkubwa akaandika, akasoma "Sawa 0", akajinyoosha, akaenda kunywa chai. Nukta alimwacha afike nusu kikombe, ndipo akamwonyesha orodha. Hakuna hata shuka moja.

Nikamuuliza taratibu, "Bosi, umeyauza wapi?"

Stoo nzima ilicheka, hata mlinzi aliyenitoa getini.

Barua ya kunisafisha na kunirudisha kazini msimamizi aliiandika siku hiyohiyo. Nilimrudishia mara mbili, kwa sababu haikusema nini kilishindikana, kwa nini, na yeye atafanya nini. Ya tatu nimeipokea. Kesho narudi kwenye mashuka yangu. Kumsamehe, bado.