Jina la Mwenye Kadi

Nilimwambia. Nataka hilo lijulikane kabla ya mengine yote. Wiki mbili nzima kule Chewele anakofundisha, mume wangu alikuwa akilala na karafuu kwenye jino, na kila asubuhi nilimwambia aende hospitali iliyo kwenye kadi yake ya bima. Iko karibu, na bima yetu ni ile ya kuchagua hospitali moja tu. Ukishaichagua ndiyo hiyo hiyo, uipende usiipende. "Tukifunga shule nitaenda," akasema. Wakafunga shule. Badala ya kwenda akatupakia kwenye gari tukaja Garsen kwa baba yake kupumzika. Mvua ikanyesha huko juu, mto ukafurika nyuma yetu, barabara ya kurudi ikawa ziwa. Jino likangoja hayo yote yatimie ndipo likafura.

Siku ya nne uvimbe ulikuwa umeshuka mpaka shingoni. Mdomo ulikuwa haufunguki. Mate yalimtoka kwa kuwa hakuweza kuyameza, hata maji ya kijiko hayakupita, na akivuta pumzi ilisikika chumba kizima. Sasa huyu ni mtu wa maneno mengi. Akiwa peke yake huikosoa redio. Asubuhi ile aliniangalia tu, macho yamemtoka, asiseme kitu. Niliogopa, wallahi. Nilitoka nyumbani na viatu viwili visivyofanana na sikujua mpaka jioni.

Baba mkwe alitutangulia na fimbo yake, akiwaamkua watu njiani haraka haraka ili wasituulize. Tulifika hospitali ndogo ya binafsi, ambayo siku hiyo ndiyo pekee tuliyoweza kufika yenye chumba cha upasuaji na mtu wa kupasua. Daktari alikuwa kijana mrefu mwenye sauti ya upole. Akamshika mume wangu shingo, akamulika tochi kwenye ule upenyo mdogo wa midomo, akanivuta kando. Usaha umeshuka chini ya ulimi, akasema, unasukuma koo. Akipasuliwa sasa ukatolewa, ni jambo dogo. Tukingoja mpaka kesho, basi... Hakumaliza. Akaangalia sakafu, nami nikaangalia sakafu.

"Tunachohitaji ni kibali cha bima," akasema. "Simu moja tu."

Simu moja! Ningejua ningeenda kuutoa huo usaha mwenyewe na sindano ya kushonea.

Kwanza msichana wa mapokezi alimwekea mume wangu kidole kwenye mashine. Mashine ikafikiri, ikamtambua. Ikatoa picha yake akiwa na tai. Halafu ikaandika kwamba mtu huyu ni mwanachama wetu halali, ila hospitali yake iko mbali na hapa. Hilo tulikuwa tunalijua! Ilikuwa mbali na ilikuwa ng'ambo ya maji. Basi ikabidi apigiwe simu mtu wa bima Nairobi, ili atoe ruhusa ya kutibiwa ugenini.

Akapokea msichana. Sauti tamu, hana haraka. Msichana wa mapokezi akamweleza, akaweka simu kwa sauti kubwa ili tusikie sote. Yule wa Nairobi akasema kwa usalama wa taarifa za mwanachama, lazima mwenye kadi ajitambulishe kwa mdomo wake.

Simu ikapelekwa kwenye mdomo wa mwenye kadi.

"Mmmmmh," akasema mume wangu.

"Hello? Kuna genereta hapo?"

Nikamnyang'anya msichana simu. Nikamwambia huyo si genereta, huyo ni mwalimu, na mdomo wake umefungwa na jino. Akanipa pole, tena pole ya kweli. Akasema basi kama mke ameandikishwa kwenye kadi, mke anaweza kujibu kwa niaba yake. Mimi ni mke? Mimi ni mke. Nimeandikishwa? Nimeandikishwa. Nikajisikia mtu wa maana.

"Vizuri mama. Taja majina matatu kamili ya mwenye kadi."

Hapo ndipo nilipokauka.

Lazima nieleze, maana asiyetoka kwetu atadhani nilisahau. Kwetu mwanamke hataji jina la mumewe. Ni adabu, na mimi nililelewa na bibi ambaye alikuwa mkali wa adabu kuliko wote mtoni. Miaka kumi na tisa ya ndoa nimemwita "wewe", "mwalimu", "baba wa watoto", na nikikasirika, "huyo". Jina la baba mkwe ndilo zito zaidi. Hilo halitajwi hata gizani peke yako. Dukani kuna kijana anayeitwa jina hilo hilo na mimi humwita "wewe wa unga". Na mnajua majina matatu ya mtu hapa Kenya ni yapi: la kwanza lake, la pili la baba yake, la tatu la babu yake. Yaani msichana wa Nairobi alikuwa ananiomba nivunje miiko mitatu kwa pumzi moja, na mwenye jina la pili ameketi kwenye benchi hatua mbili kutoka kwangu, kidevu juu ya fimbo, anasikiliza.

Mtaniuliza fomu za shule na kitambulisho nilijazaje. Niliandika. Mkono hauna neno, mdomo ndio wenye aibu. Nikamwambia yule msichana, "Nikuandikie kwa meseji?"

"Samahani mama, ni kwa sauti."

"Ni mume wangu."

"Ndiyo mama. Anaitwa nani?"

"Anaitwa mwalimu."

"Jina, mama."

Nikatoka jasho. Nikaona nimsaidie anisaidie. "La kwanza," nikasema, "ni la yule nabii aliyemezwa na samaki."

Nikasikia anabofya bofya.

"La baba yake ni la yule aliyejenga jahazi kubwa, yale maji yalipojaa."

"Mama, umesema barabara imejaa maji, hilo nimeshaliandika."

"Maji ya zamani! Na la babu yake ni la yule aliyetupwa motoni akatoka mzima."

"Mama," akasema, na sasa sauti ilikuwa imepungua utamu, "kuna mtu ameungua?"

Haki ya Mungu nilitaka kulia. Baadaye akaelewa la samaki, akalitaja, ila akalitaja vile wanavyolisema kanisani, na kwenye kadi haliko hivyo. Akasema halioani na mfumo. Akasema hilo ni jaribio la kwanza, na yako matatu tu. La tatu likikosewa mfumo unajifunga mpaka kesho saa mbili asubuhi.

Kesho. Neno ambalo daktari alishindwa kulimalizia.

Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa ameketi ameinamia mbele, maana akiegemea nyuma pumzi inakwama. Mate yalikuwa yamelowesha shati, lile la buluu nililompigia pasi siku ya kufunga shule. Alikuwa ananiangalia na alikuwa anajua. Akatikisa kichwa kidogo, ndiyo ndiyo, sema. Ni rahisi kwake! Yeye jina langu hulitaja mara arobaini kwa siku, hasa chai ikichelewa.

Msichana wa mapokezi akanihurumia. Yeye si wa kwetu lakini amekulia hapa, aliona tatizo liko wapi. Akachukua kitambulisho, akainama nyuma ya bega langu, akaanza kuyasoma yale majina, nami nikachezesha midomo kama ndiye ninayesema. Tulifika la pili.

"Ni nani huyo anasoma?" akauliza wa Nairobi.

"Ni mimi," nikasema kwa sauti yangu, ambayo ni nzito.

"Mama, hizo ni sauti mbili. Kwa ajili ya kuzuia udanganyifu naomba nianze upya. Hili ni jaribio la mwisho."

Nikamjibu vibaya, sitaficha. Nikamwambia mume wangu anakufa kwenye kiti na wewe unahesabu sauti. Akasema polepole, "Mama, mimi nataka kukusaidia. Nisaidie nikusaidie." Ndicho nilichokuwa nimejaribu kumfanyia yeye kwa wale manabii wangu.

Nikasimama katikati ya chumba kile na simu mkononi. Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Nilitazama benchi, nikatazama ile fimbo, nikawa msichana wa miaka kumi na minane aliyeletwa nyumbani kwao juzi. Hasira yote imekwisha, nimebaki na aibu tu. Niliona mume wangu anakwenda kufa kwa adabu yangu na bado mdomo ukakataa.

Baba mkwe akainuka.

"Kuna ng'ombe nje," akasema.

Sote tukamtazama. "Ng'ombe gani, baba?" nikauliza.

"Wa watu." Akavuta kikoi chake, akajikohoza. "Hawana mchungaji. Lazima mtu awatazame."

Akatoka. Hakugeuka nyuma, na mlango akaufunga mwenyewe, mlango ambao toka tuingie ulikuwa wazi kwa ajili ya joto.

Nilijifunika uso kwa mtandio, nikaweka simu ndani ya mtandio, nikasema. Nikataja jina la mume wangu. Nikataja la baba yake. Nikataja la babu yake, marehemu, ambalo mama mkwe mwenyewe alikwenda nalo kaburini bila kulitamka.

"Mama, sauti inakatika. Sogea mahali penye mtandao."

Yarabi! Msichana wa mapokezi akanisukuma mpaka dirishani. Nikayasema tena.

"La pili sikulipata. Paza sauti kidogo, mama."

Basi nikapandwa na wazimu. Niliutupa mtandio begani, nikashika nondo za dirisha, nikayapiga yale majina matatu kama mtu anayeita kivuko kutoka ng'ambo. Mgonjwa mmoja wadi ya pili akaitika. Na pale uani, chini ya dirisha lile lile, alikuwa amesimama baba mkwe ameipa hospitali mgongo. Hakukuwa na ng'ombe hata mmoja. Nilimwona mabega yakiruka kidogo lilipofika lake, kisha yakatulia.

"Asante kwa kuthibitisha," akasema wa Nairobi. "Kibali kimetoka. Je, kuna lingine ningekusaidia?"

Nilikuwa nalo, ila nililimeza.

Mume wangu alipelekwa ndani palepale. Mimi nikaketi kwenye benchi nimejifunika gubigubi, nimebakiza jicho moja la kuangalia mlango wa chumba cha upasuaji. Baba mkwe akarudi, akaketi mwisho wa pili wa benchi. Tukakaa hivyo muda mrefu. Nilikuwa nangoja aseme kwamba nirudi kwetu. Nilikuwa nimeshaanza kupanga nitakavyowaeleza ndugu zangu, na watakavyonicheka.

"Mwanangu," akasema mwishowe, akiuambia ukuta. "Hili jina nimekaa nalo zaidi ya miaka sabini. Sijaona limefanya kazi yoyote."

Nikalifunika na lile jicho moja lililobaki.

"Leo limefanya," akasema, akaniuliza kama nimekunywa chai.

Nikalia pale, kwa kelele, mpaka muuguzi akatoka akidhani tumepata habari mbaya. Alikuwa amekuja na nzuri. Daktari alitoa bakuli la usaha na jino lenyewe, jeusi, limetoboka, dogo kabisa. Nilipolionyeshwa nililitukana mbele ya watu wote.

Siku mbili mume wangu hakuongea. Alikuwa na bomba dogo chini ya kidevu na bandeji kuzunguka kichwa, akiandika mahitaji yake kwenye daftari: maji, feni, nani kashinda mpira. Nilikuwa nikipita mbali na macho yake. Watoto walikuwa wameshasikia habari za dirishani kutoka kwa mji mzima, na kila nilipoingia jikoni walinyamaza wakajishika midomo.

Siku ya tatu bomba lilitolewa. Daktari akamwambia ajaribu kusema kitu, chochote, taratibu. Nikasogea na kikombe, nikijua ataomba uji. Akafungua mdomo nusu, akaujaribu ulimi, akaniangalia kwa muda.

"Sema tena," akaniambia.

"Niseme nini?"

"Unajua."

Nikamwambia ana wazimu. Nikamwambia akitaka kulisikia awapigie bima. Akacheka, mshono ukamvuta, akashika shavu akafumba macho kwa maumivu, na chozi likamtoka upande mmoja. Daktari akajifanya anasoma faili. Nikatazama mlangoni, nikaona hakuna mtu, nikainama karibu na sikio lake, nikalisema.