Zahanati Iliyokaa Juu ya Mtaro

Fundi mwashi waliyemwita Timazi, kwa kuwa ukuta wake haukuwahi kupinda, ndiye aliyejenga zahanati ya mtaa. Kila jioni alimpitisha mkewe pale kumwonyesha madirisha. Mkewe, muuza mitumba mwenye ulimi mwepesi, alimkumbusha kwamba nyumbani kwao mlango bado ni gunia.

Bwana afya wa mtaa alikuwa ameomba kitu kingine. Alitaka mtaro wa nyuma ya nyumba uzibuliwe na kujengewa kingo, ili maji machafu yapate njia. Mkutanoni aliimba kinga ni bora kuliko tiba mpaka watu wakapiga miayo. Diwani akamjibu kwa upole kwamba mtaro hauna utepe wa kukata. Watu walicheka, Timazi naye akacheka.

Kiwanja cha zahanati kilichopatikana kilikuwa juu ya mtaro huohuo. Timazi aliuliza maji yatapita wapi, akaambiwa bomba litalazwa chini ya msingi. Bomba halikufika. Siku ya ufunguzi ilipokaribia, diwani akaagiza zege limwagwe, mengine yatafuata. Likamwagwa.

Mvua zilipoanza, maji yaligonga ukuta mpya yakarudi nyuma, yakaingia vyooni, na kutoka vyooni yakateremka kisimani. Hakuna aliyeyafuatilia. Watu waliona tu wenzao wakiharisha na kutapika mpaka vitanda vipya vikajaa. Kipindupindu. Mke wa Timazi alifikishwa pale mgongoni mwa kaka yake, macho yametumbukia ndani, sauti imekauka.

Timazi alimuuguza. Alipotoka kumwaga ndoo nyuma ya jengo, alikuta dimbwi limesimama kwenye ukuta wake. Bwana afya alikuwa ndani ya maji hayo, suruali kaikunja. Timazi akayafuata maji kwa macho, toka ukutani hadi vyooni, toka vyooni hadi kisimani. Ndoo ikamponyoka.

"Ni mimi," alisema.

"Si wewe peke yako," bwana afya akajibu. "Siku ya utepe hata mimi nilipiga makofi."

Timazi akaenda kuchukua nyundo. Yeye na majirani waliokuja na sururu walitoboa msingi chini ya stoo ya dawa, maji yakapita yakinguruma. Bwana afya alifunga kisima. Wagonjwa wakapungua, ingawa jirani aliyezoea kumchotea mke wa Timazi maji alikuwa amekwisha kuzikwa.

Diwani alipokuja alilitazama tundu kwa hasira. Kisha akavitazama vitanda vilivyojaa, akaahidi wodi ya pili. Watu wakamshangilia. Timazi alidhani hakusikia vizuri, akamwuliza aliyesimama kando yake. Alikuwa amesikia sawasawa.

Mkewe alipopona, alimwambia kwamba kura yake ni ya diwani. Timazi akaanza upya kumweleza: mtaro, zege, vyoo, kisima. Mke alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Nimekuelewa, mume wangu," akasema. "Lakini nilipokuwa nakata roho, kitanda nilikiona. Huo mtaro sijawahi kuuona ukimwokoa mtu."

Akajitwika furushi lake la nguo akaenda sokoni. Timazi alibaki kwenye kigoda, akilitazama gunia la mlangoni likipepea nyuma yake.