Vipande Saba

Jirani wa mlango wa pili alishaeneza mtaa mzima kwamba fundi cherehani ana mtu kwenye simu. “Kila jioni anachekea kioo, shoga, na mlango kaurudishia! Lisemwalo lipo.”

Kumbe huyo mtu ni kundi la WhatsApp la darasa la binti yake, ambamo wanafunzi husaidiana kazi ngumu za nyumbani. Simu ni ya fundi, na shule aliiacha darasa la tano. Basi binti akienda kuchota maji, mama hukaa akisoma kimyakimya hesabu za sehemu zilizomshinda utotoni.

Ijumaa mwanafunzi mmoja akauliza: kitambaa cha mita sita kitatoa vipande vingapi vya robo tatu ya mita? Kitambaa! Hapo fundi alijiona yuko nyumbani kwake. Akaandika, “Saba,” maana fundi hakati nguo bila kubakiza upindo wa kukunjia. Wakanakili wote, wakidhani kajibu binti.

Jumatatu binti alirudi macho mekundu. “Darasa zima tumekosa, mama. Kumbe ni nane! Mwalimu kauliza saba imetoka wapi, wote wakanigeukia mimi. Sasa jina langu ni Saba.”

Uso ulimshuka fundi. Akashika sindano atunge uzi, tundu likamkataa mara tatu.

“Ni mimi, mwanangu. Nilibakiza upindo.”

Binti akaichukua simu, akaufungua ujumbe ule.

“Waambie wenzio ni mama yako, wanicheke mimi,” fundi alisema bila kuinua uso. “Ila nakuomba, mama, usinitoe kundini.”