Meli ya Chuma Yenye Matanga

Nakumbuka, mwanangu, wakati ambapo Makongeni nzima, mtaa wetu wa Nairobi, kuanzia kinyozi hadi muuza chapati, iliamini kwamba mabaharia wa kigeni hudungwa sindano ya kusahau kwao. Ati wakipanda meli tu, daktari yupo ngazini, anawachoma begani, na kutoka hapo hawamkumbuki mama wala mke hadi mkataba uishe. Mimi sikuishia kuamini, habari hiyo niliiongezea chumvi. Nilipoifikisha Muthurwa, sindano ilikuwa na urefu wa mkono. Ilipofika Dandora ilihitaji wanaume wawili kuishika. Debe tupu haliachi kuvuma, na mimi nilikuwa pipa zima.

Nilikuwa na umri ule ambao mtu hujiita kijana kwa nguvu, nimetoka tu kumaliza shule ya usiku. Aliyenifundisha Kiswahili huko, Mwalimu Nekesa, ndiye pia aliyeongoza kikundi cha injili cha kanisa letu. Mwaka huo kasisi mmoja anayewatembelea mabaharia bandarini Mombasa alitualika tukawaimbie. Tukashuka kwa treni, kwaya nzima, na ngoma na kayamba. Njia yote nilikuwa nikiwaeleza wenzangu kwamba watu waliosahau kwao hawahitaji mahubiri marefu, wanahitaji kuchangamshwa.

Langoni, Mwalimu na kasisi walibaki nyuma kuandikisha majina. Mimi, kwa haraka zangu, nikatangulia na kwaya. Mlinzi, mtu wa Mombasa, mpole, akaitazama ngoma yangu, kisha akaitazama meli iliyofungwa mwisho wa gati, imeota kutu kila mahali.

"Mwaenda ile? Ile ina matanga, kaka."

Sasa, mwanangu, mtu wa mitaa yetu ya Eastlands haelezwi matanga. Ni kukaa na wafiwa. Tumekulia humo, kwenye viti vya kuazima na chai ya sufuria kubwa. Lakini mimi nilikuwa nimesoma! Shule ya usiku ilikuwa imenifunza kwamba tanga ni kile kitambaa cha jahazi kinachokamata upepo. Neno jipya ni kama kiatu kipya, unatafuta hata tope la kulirukia ili watu wakuone.

"Matanga ya nini, kaka?" nikacheka. "Hiyo ni chuma tupu. Ina injini!"

Akanitazama kidogo. "Haya. We wajua."

Nikapanda ngazi ya meli nikiipiga ngoma kana kwamba tunamleta bibi harusi. Kwaya ilikuwa nyuma yangu, mabega yanacheza. Juu tukawakuta mabaharia, Wafilipino, wameketi sakafuni mbele ya mlango mzito wa chuma. Hakuna aliyeinua uso. Kijana mmoja akasimama, akaweka kiganja chake juu ya ngoma. Hakunipiga. Aliikandamiza tu hadi ikanyamaza.

"Kaka yangu yumo humu," akasema kwa Kiingereza cha kukatikakatika.

Humu kilikuwa chumba cha baridi, cha kuhifadhia nyama na samaki. Kaka yake, mpishi wa meli, alikuwa amefariki kwa ugonjwa. Mwenye meli alikuwa ameitelekeza na hapokei simu, na bila neno lake kila ofisi ilisukumia nyingine. Mafuta ya jenereta yalikuwa yakielekea mwisho. Yakiisha, baridi nayo imekwisha, na yule kijana angemshuhudia kaka yake akiharibika pale pale, kwa joto lile la Mombasa.

"Baro," Wanjiku wa sauti ya kwanza akaninong'oneza, akilikata jina langu Barasa kama kawaida yake, "umetuchoma vibaya sana, ona aibu hii."

Mwalimu Nekesa akatokea ngazini akihema. Akautazama mlango, akaitazama ngoma. "Barasa, weka ngoma chini. Ukae." Akavua viatu, akatandika leso yake, akaketi kando ya kijana na kumwuliza kaka yake aliitwa nani. Danilo. Alikuwa mtu wa namna gani? Aliimba vibaya kila akikata vitunguu. Kijana akacheka, na kicheko kikampasukia mdomoni, akalia hadi wenzake wakamshikilia.

Nikamwinamia Mwalimu. "Kumbe huyu hakudungwa?"

"Hakuna sindano, Barasa," akasema bila kugeuka. "Wanakumbuka kila kitu. Ni sisi hatujawahi kuwauliza."

Kisha yeye na kasisi wakaondoka kwenda ofisi kwa ofisi. Nilisikia baadaye kwamba waliambiwa warudi kesho, naye Mwalimu akasema hiyo kesho ataingojea papo hapo kwenye benchi. Alasiri wakarudi na gari la mochari. Jenereta ilikuwa imeanza kukohoa.

Lakini kijana hakuruhusiwa kushuka, hakuwa na kibali cha kukanyaga nchi. Akashika ukingo wa meli. "Ataenda peke yake?"

"Kwetu hakuna aendaye peke yake," Mwalimu akamjibu, akanigeukia. "Barasa, panda. Mwambie njia."

Kwetu kwa asili, magharibi mwa Kenya, maiti akisafirishwa huambiwa njia asije akapotea. Mimi, bingwa wa maneno, nikaketi kando ya machela. "Danilo," nikaanza, "tumetoka langoni. Sasa tunapinda kulia. Hapa kuna foleni, vumilia." Nilimwambia hivyo hadi mlango wa mochari. Kama alifika kwao akazikwa, sijui hadi leo. Meli ilibaki gatini, na mdogo wake ndani yake.

Basi, mwanangu, injili unayompelekea mgeni usiianze kwa mdomo. Uzito wa mzigo aujua mchukuzi, kwa hiyo fika, keti, umwulize amebeba nini. Ukiambiwa neno, hata kama ulilipasi kwa mtihani, muulize anayelisema ana maana gani. Kuuliza si ujinga, na kutouliza kunaweza kukupandisha matangani na ngoma. Ukikosa la kumwambia aliyefiwa, usikimbie. Kaa. Pengine msaada wako hautatosha. Wetu haukutosha. Nenda hivyo hivyo.

Mungu akutangulizie masikio mbele ya ulimi. Na siku utakayolala mbali na kwenu, macho yamefumbwa, akuwekee kando mtu wa kukuambia njia.