Kaseti ya Mama Susana

Watu wa Rangwe walisema Caleb ana wake wawili, Bathsheba na ukuta wa muziki. Santuri zilijipanga chini, kaseti zikapanda hadi darini, na mpango wake aliuelewa mwenyewe tu. Hakupanga kwa waimbaji bali kwa maboma, kila kaseti ikakaa na jamaa za nyumba ilikotoka. Usipojua nani ni ndugu ya nani, wimbo huupati.

Jumamosi moja ya mwaka 1996 alikuwa anapanga upya kwa haraka, maana shemeji zake, Sammy na Joyline, walikuwa njiani kutoka Migori kuja kusikia sauti ya marehemu mama yao. Susana aliimba mara moja tu mbele ya mashine ya Caleb ya kurekodia, akiwataja watoto wake kwa kufuatana: kwanza Bathsheba, kifungua mimba, kisha wadogo zake. Nakala nyingine haikuwepo.

Kaseti aliipata, lakini si mahali pake. Ilikuwa katikati ya zile za dansi. Mgongoni, pale alipovunja vijino vya plastiki ili mtu asirekodi juu yake, matundu yalikuwa yamezibwa kwa karatasi iliyotafunwa.

Akatia betri alizoanika juani tangu asubuhi, akabonyeza. Mtangazaji wa redio alikuwa anasoma kwa Dholuo tangazo la kifo cha Susana. Nyuma ya sauti yake palikuwa na kilio cha mwanamke aliyekaa karibu na mashine, na Caleb alikijua kilio hicho. Siku ya tangazo yeye alikuwa Homa Bay akitafuta jeneza. Bathsheba, peke yake nyumbani, alitaka kuhifadhi heshima ya mama yake kutajwa redioni. Aliweka mashine mbele ya redio, akachukua kaseti ya kwanza iliyomjia mkononi.

Hodi ikapigwa. Chai ikanywewa, ugali na samaki vikaliwa, Caleb hakuonja kitu. Sammy alipoulizia kaseti, Caleb alijibu bila kumtazama mkewe.

"Shemeji, nisamehe. Nilirekodi juu yake."

Sammy, mtu mpole siku zote, alipandwa na hasira. Alimwambia amejaza nyumba kwa sauti za watu baki, na ya mkwewe moja tu ikamshinda. Bathsheba alimkazia mumewe macho ya chuki ambayo hakuwahi kuyaona. Caleb akaumia. Aliona heri achukiwe yeye kuliko mkewe ajichukie.

Joyline akaomba wasikie hata kilichobaki. Caleb akadai betri zimekwisha. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua: Bathsheba aliinuka akabonyeza mwenyewe.

Tangazo likasomwa. Kilio kikafuata. Sebule nzima ikamgeukia Bathsheba.

"Huyo analia ni mimi," akasema polepole. "Caleb, ni mimi nilifanya hii kitu."

Kilio kilikatika, na sauti ya Susana ikaingia na mkwaruzo wake uleule, ikimwita Sammy. Sammy akainama, akafunika uso. Kisha ikamwita Joyline, ikamsifu mpaka wimbo ukaisha.

Bathsheba akairudisha kaseti mwanzo, akapiga magoti, akaegemeza sikio kwenye spika. Akasikiliza kilio chake mwenyewe, akilitafuta jina lake chini yake.